Jua la Zuhura Huchelewa Kuzama

Niliondoka Mombasa kwenda kumrudisha mwanangu. Majirani zangu wa Kibokoni mtakaosoma haya msijifanye mmesahau, maana ni nyinyi mlionong'ona kwamba Bi Mwanaisha kamtupa binti yake porini. Zuhura aliolewa na Rajabu, kijana wa Mumias aliyekuwa akipakia magunia Shimanzi, na vita vya pili vya dunia vilipokwisha mumewe akamchukua kwao. Ramadhani ilipoingia nikaapa kibarazani, mbele ya jirani yangu Bi Rukia, kwamba mwaka huu Zuhura Idi ataila nyumbani.

Jioni tukapanda gari la moshi. Kaka yangu Athumani alinisindikiza, akalala hata hatujavuka Makupa. Mimi nilikumbatia kikapu cha tende, na shingoni nilitundika saa ya marehemu mume wangu. Kwetu saa hiyo hutiwa sawa kila magharibi: muadhini akianza tu, mishale inarudishwa kwenye kumi na mbili. Garini hakuna muadhini, basi nikawa naitia ufunguo tu na kuiacha ifuate Mombasa yake. Njiani tulikula, maana msafiri ana ruhusa.

Nairobi nilitetemeka kwa baridi, na baada ya hapo ni milima, mahindi, na mahindi tena. Butere reli ikaisha. Lori la mahindi likatufikisha Mumias siku hiyo hiyo, na kesho yake nikaamka nimefunga kama wenyeji wangu.

Mchana Zuhura akarudi kutoka shamba, jembe begani, matope hadi magotini. Moyo uliniuma. Binti niliyemlea asishike hata ufagio wa uani!

"Mwanao analima kuliko mwanangu," akasema mkwe wangu, Mama Rajabu.

Nikaitikia kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nimeshamfungia mizigo.

Jioni tukakaa mkekani uani. Nikatazama saa: kumi na mbili kamili. Nikashika tende, nikasema bismillahi, na kabla haijafika mdomoni Zuhura akanidaka mkono.

"Mama, ngoja! Jua letu bado!"

Nikainua macho. Kweli, jua lilikuwa limekaa juu ya mahindi, wala halina haraka. Mama Rajabu alicheka mpaka akajifunika leso usoni.

"La kwenu limeshalala, Mama Zuhura. La kwetu bado lina kazi."

"Saa hii haijaharibika," nikasema, nimeshakasirika.

"Haijaharibika, Mama. Yasema kweli ya Mombasa," akajibu Zuhura. "Wao wafungua sasa hivi. Sisi bado kidogo."

Jua letu, alisema. Na sisi watu wa Mombasa tumekuwa wao! Nilishika ile tende mpaka ikanata vidoleni, na kila nikitaka kukasirika tena nashindwa.

Jua lilipozama ikaletwa futari ya viazi vitamu, lakini si kwa nazi. Kwa karanga.

"Nazi sikuipata, Mama," akasema Zuhura. "Nikajaribu hizi."

Sitasema nililamba vidole mara ngapi. Wanawake wa nyumba za jirani wakaja na mabakuli yao kuchotewa, wazee kwa vijana, wote wakimwita Bi Zuhura. Kwetu baada ya kufungua watu hutoka vichochoroni wakanywe kahawa. Huku wanaota moto, na mazungumzo yote ni mvua na mavuno ya wimbi. Mwanangu alikuwa katikati yao, akicheka. Nilijiona nina kichwa kikubwa kuliko kilemba cha kadhi.

Kesho yake nikamuuliza kama anataka kurudi.

"Nikirudi, hawa watapikiwa na nani?"

Mama Rajabu akadakia, "Ukitaka ng'ombe, chukua. Huyu hatoki."

Magharibi ile nikairudisha mishale kwenye kumi na mbili, kwa jua la Mumias. Kisha nikamwamsha Athumani, tukarudi kwetu.

Bi Rukia alinisubiri kibarazani. "Mwana yu wapi? Si ulituapia Idi ataila nyumbani?"

"Na ataila nyumbani," nikamjibu, sauti ikafika mtaa wa pili. "Kwake!"

Muadhini akaadhini, tukafungua. Bi Rukia akaichungulia saa yangu. "Iko nyuma hii. Hebu itie sawa."

"Iache."

Tukala, tukanawa mikono. Mishale ilipogusa kumi na mbili nikaupiga mkeka kofi, Bi Rukia akaruka.

"Haya!" nikasema. "Sasa Zuhura anafungua."