Nilifukia kaboni shambani kwa wakwe, ikaishia kuivisha maharage

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Sikonge na sijatia chumvi. Anayebisha aje, mke wangu atamsimulia kuliko mimi.

Ulikuja mradi wa kukamata kaboni, ile hewa inayozidisha joto duniani, na kuihifadhi isirudi angani. Nikachukuliwa kwa majaribio. Shamba la mfano likifaulu, napata ajira.

Mtaalamu wao, dada mmoja mpole, akatueleza mkutanoni njia zilizopo. Kuna mitambo ya kunyonya hewa na kuisukuma chini kabisa kwenye miamba. Mzee mmoja akauliza inatumia nini. Umeme, tena mwingi. Watu wakacheka, maana hapo tulipo umeme ulikuwa umekatika.

Kuna kupanda miti. Sawa, ila sisi ni watu wa tumbaku, na bani, lile banda la kuikaushia kwa moto, halijali kuni zimetoka mti wa nani.

Ikabaki ya tatu: unachoma mabua na magunzi yawe mkaa, unauponda, unachanganya na samadi, unafukia shambani. Kaboni inakaa humo miaka na miaka, na mahindi yananawiri.

Baba mkwe akatoa kipande cha shamba. Nikachoma magunzi, mkaa ukatoka safi. Kuuponda sasa... wakuu, mimi mvivu, tusifichane. Nikaufukia mzimamzima.

Baada ya wiki kadhaa mtaalamu akaja kupima. Tukachimba, hakuna kitu. Tukasogea pembeni, udongo mtupu. Ajira naiona inaondoka hivi hivi.

Muda wote huo harufu ya maharage inatoka jikoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mbali nami. Kwa mila zetu mkwe hamsogelei mama mkwe, wala hampi kitu mkononi. Unakiacha mahali, yeye atakikuta. Kwa hiyo akaongea na mke wangu, ila kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie mgeni, mkwe wangu ana adabu. Kaniletea mkaa, kaona haya kunikabidhi, kaniachia palepale ninapolima. Wakwe wa hivi siku hizi hawapo."

Sasa nimkatalie vipi? Nikainama tu, nikapokea sifa isiyo yangu.

Mtaalamu akauliza kama mama alihudhuria mkutano. Hakuhudhuria. Tuliita wenye mashamba, wakaja wanaume. Anayeshika jembe hakuna aliyemkumbuka. Hapo niliona aibu ya kweli, utani pembeni.

Mke wangu akamweleza mama yote upya. Mama akasema, "Basi mwambieni aponde kwanza. Mkaa mzima ni wa jikoni, hata mkiuficha wapi nitaufukua."

Mtaalamu akaandika hayo kwenye daftari lake, akala maharage, akaongezewa.

Wiki iliyofuata ajira ikatoka. Msimamizi wa shamba la mfano ni mama mkwe. Mimi naponda mkaa.

Na kwa kuwa hatuongei uso kwa uso, amri zote zinapitia kwa mke wangu, naye anaongeza za kwake.

Nilichojifunza: iwe mitambo, iwe magunzi, anza na mwenye jembe. Nyie mliopitia miradi, huko kwenu nani alisahauliwa? Andikeni, nitasoma nikipumzika. Saa hizi bosi kasimama mlangoni.