Taa Si Mtu

Sikusimuliwa hili. Nilikuwa nimeketi nyuma ya pikipiki, asubuhi, macho yangu mawili wazi, nimeshakunywa chai yangu ya rangi, na katika maisha yangu sijawahi kuonja kitu cha kulevya. Kwa hiyo atakayeniambia kwamba niliona ukungu namwomba anisubiri nimalize. Ukungu naujua. Huku Mbinga mwezi wa sita na wa saba unaingia mpaka ndani ya sufuria. Lakini ukungu haujibu salamu, na mimi nilijibiwa.

Mimi si mtu wa huku. Nilizaliwa Kondoa, serikali ikanileta kwenye baridi hii niwe nesi katika zahanati moja iliyoko bondeni, njia ya kuteremkia Nyasa. Wenyeji wananiita sista, kwa sababu hapa kila nesi ni sista, hata kama anavaa hijabu na kuswali swala tano. Nimezoea. Naishi mjini, na kila asubuhi nilikuwa nikishuka kazini kwa pikipiki ya kijana mmoja wa Kimatengo aitwaye Damas.

Damas alikuwa mtu mzuri, nalisema hilo mapema ili usije ukadhani namsema kwa chuki. Alikuwa akifuta umande kwenye kiti kabla sijapanda. Mke wake, Oliva, alikuwa na mimba ya kwanza na alikuwa akihudhuria kliniki kwangu, basi Damas njia nzima ni kuniuliza: sista, mtoto amelalaje? Sista, mbona Oliva anakula udongo? Alikuwa amemnunulia mtoto kofia ya sufu kabla hata mimba haijaonekana vizuri. Mtu wa namna hiyo. Lakini akifika kwenye taa nyekundu, akili zote zilimtoka.

Utauliza, Mbinga kuna taa? Mjini hakuna. Taa ninazozisema ziliwekwa na mkandarasi kwenye kona moja kali huko kwenye mteremko, baada ya masika kuimega barabara. Upande mmoja wa kona ile ni ukuta wa mlima uliochongwa, upande wa pili ni korongo, na nusu ya lami ilikuwa imeshuka korongoni pamoja na migomba ya watu. Ikabaki njia ya gari moja tu, na aliye juu hamwoni aliye chini. Mkandarasi akaleta taa za sola, moja juu na nyingine chini. Huku zikiwaka kijani, kule ni nyekundu. Jambo rahisi kuliko kuchemsha maji. Siku za kwanza watu walikwenda kupiga nazo picha, na walipomaliza kupiga picha hakuna aliyezitii tena.

Hapa nitakasirika, mnivumilie. Malori yalikuwa yanapita nyekundu. Kosta zilizojaa watoto wa watu zilikuwa zinapita nyekundu, kondakta kaning'inia mlangoni anacheka. Magari ya ofisi, mkubwa kaketi nyuma na simu yake, dereva anapita nyekundu na mkubwa hainui hata kichwa. Baiskeli zilikuwa zinashuka na magunia ya mkaa, breki yake ni kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi la nyuma. Mwenye baiskeli angalau aseme hana breki. Wewe mwenye breki una nini? Una haraka? Haraka ya kwenda wapi, wakati unaowavunja miguu wanaletwa kwangu, nami nina pamba na uzi tu?

Kila asubuhi nilimpigia Damas kelele, na kila asubuhi alinijibu kwa upole uleule. "Sista, taa si mtu. Ningemkuta mzee pale ningesimama, ningemwamkia. Sasa taa niiambie shikamoo?" Bodaboda wenzake waliupenda sana msemo huo. Ukafika mahali ukimkemea yeyote, anakujibu taa si mtu, kama vile ameusoma kwenye Biblia.

Na watu haohao, wapitishie msiba uone. Jeneza likitokea barabarani, pikipiki inazimwa. Kofia zinavuliwa. Mwenye baiskeli anashuka na kuishika kwa mkono, lori linakaa kando mpaka mwombolezaji wa mwisho apite. Kukata msafara wa msiba ni jambo ambalo huku hata mlevi halifanyi. Ni desturi nzuri, nami naipenda, ila ilinitia hasira pia. Aliyekufa hana cha kupoteza, anapishwa. Aliye hai anabanwa korongoni.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu mzito. Damas alikuwa amewasha taa ya pikipiki na hatukuona mbele zaidi ya shimo linalofuata. Tulipokaribia ile kona niliiona taa ya mkandarasi ikiwaka nyekundu juu ya mlingoti wake. Nikampiga Damas begani. Akacheka, akavuta mafuta.

Ghafla akakanyaga breki hata nikagonga kichwa kwenye mgongo wake. Mbele yetu, pale pale chini ya taa, watu walikuwa wanavuka barabara na jeneza.

Nisikilize vizuri. Aliyetangulia alikuwa mwanamume aliyebeba msalaba wa mti. Walifuata wanaume waliobeba jeneza mabegani, kisha wanawake waliojitanda vitenge. Waliimba kwa sauti ya chini, wimbo wa Kikatoliki nadhani, sikuyakamata maneno. Damas alizima pikipiki, akashuka, akavua helmeti na kuishika kifuani. Nami nikashuka. Ni kawaida, hatukuona ajabu yoyote bado.

Kilichonishtua kwanza ni lile jeneza. Kazi yangu imenifundisha uzito wa maiti, nimeinua wengi. Wanaobeba jeneza lenye mtu hupinda shingo, hutembea wakipokezana pumzi. Wale walikuwa wanatembea wima kabisa, na jeneza linachezacheza mabegani mwao. Halikuwa na mtu ndani. Niamini, nilijua palepale kwamba wamebeba sanduku tupu.

Mwanamke wa mwisho alipopita karibu yetu nikasema neno ambalo kila mtu angesema. Nikasema, "Poleni na msiba, mama."

Wewe unajua jibu lake. Jibu lake ni asante, au tumeshapoa. Huyu mama alisimama. Alinitazama mimi, akamtazama Damas kwa muda mrefu zaidi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona huruma kwelikweli. Akasema, "Poleni ninyi."

Kabla sijafungua mdomo, lori likatokea kwenye kona kutoka chini. Lori la mchanga, limejaa, liko kasi, kwa sababu upande wake taa ilikuwa kijani na dereva alikuwa na haki yake. Lilijaza njia yote, kutoka ukuta wa mlima mpaka kwenye ukingo wa korongo. Nilipiga ukunga nikijua kwamba limewasaga wale watu wote. Likatupita, upepo wake ukanivua ushungi, likaendelea kupanda bila hata kupiga honi. Barabara ikabaki tupu. Hakukuwa na msalaba, wala kitenge, wala wimbo.

Nilikimbia kutazama. Pale chini ya taa palikuwa na tope la mkandarasi, na juu ya tope kulikuwa na alama za matairi tu, hakuna alama ya mguu hata mmoja. Tena ndipo akili yangu ilipokamata jambo ambalo ningepaswa kulishangaa tangu mwanzo. Wale watu walikuwa wametoka kwenye ukuta wa mlima, wanakwenda kwenye korongo. Huko hakuna njia na hakuna makaburi. Mbuzi mwenyewe hapiti.

Damas alikuwa bado ameishika helmeti kifuani. Mimi nilikuwa nalia, lakini nilikuwa namshukuru Mungu, maana hesabu ilikuwa wazi: tusingesimamishwa na ule msiba, lori lingetukuta katikati ya kona. Nikamwambia, "Damas, umeona? Tumeokolewa."

Akanitazama kana kwamba nimetukana. "Tumeokolewa na nani, sista? Wale walitaka kutuchukua."

"Wametusimamisha! Taa ilikuwa nyekundu, hukusimama, wakatusimamisha wao. Lori hukulisikia?"

"Nililisikia," akasema. "Si ndilo hilo walilolileta?"

Nilibishana naye mpaka zahanati. Nilibishana naye jioni wakati wa kurudi, na kesho yake asubuhi. Nilimwita Oliva kando, siku ya kliniki, nikamwambia mume wako ameonywa, mshike. Oliva alilia, akasema amemsihi na yeye. Lakini Damas alikuwa ameshakwenda kijiweni na kusimulia, na kijiwe kikatoa hukumu yake. Hukumu gani? Waliona msiba unawasimamisha watu kwenye taa nyekundu. Mwenye akili angesema, basi tusimame kwenye taa nyekundu. Wao wakasema pale pana mizimu, asisimame mtu pale. Ukifika kwenye kona ile usigeuze shingo, usipunguze mwendo, vuta mafuta upite.

Nikilikumbuka hili mpaka leo napandwa na hasira. Waliokuwa wanapita polepole kidogo wakaanza kupita mbio. Hata madereva wa kosta walilisikia, wakawa wanapiga honi mfululizo na kuingia kwenye kona kama wanafukuzwa. Nikawa natangaza kila mahali, sokoni, kliniki, kwenye foleni ya benki: jamani, ule msiba ulikuwa unatulinda! Wakaniitikia, ndiyo sista, halafu wakacheka nikiwapa mgongo. Nikaacha kupanda na Damas kwenye kona. Nilikuwa nateremka, nangoja kijani, navuka kwa miguu. Yeye alipita akiwa ameinamia tangi, na kunisubiri upande wa pili huku amegeuzia kona mgongo.

Siku ajali ilipotokea nilikuwa mapumzikoni. Mwuza dagaa mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli yake kupanda mlima aliniambia alichokiona. Anasema ilikuwa mchana mweupe, hakuna ukungu, na Damas alikuwa peke yake. Taa ilikuwa nyekundu. Damas alipoikaribia alijipiga ishara ya msalaba, akainamisha kichwa na kuvuta mafuta. Lori lilikuwa linatoka chini.

Nilimwuliza yule mwuza dagaa, hapakuwa na msiba wowote unavuka? Akasema hapana, barabara ilikuwa tupu. Nilitamani kumpiga, maskini, wakati hana kosa lolote. Nilitaka aniambie kwamba walitokea tena, hata kwa mbali. Labda huonywa mara moja tu. Sijui.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya nisimulie haya yote. Damas alizikwa kijijini kwa wazazi wake, kule chini, kwa hiyo mwili ulipitishwa kwenye kona ileile. Tulipanda kenta, wanawake tumekaa kulizunguka jeneza, Oliva ameegemea kifuani kwangu na tumbo lake kubwa. Tukafika kwenye taa. Nyekundu. Kenta haikupunguza mwendo.

Nilisimama nikapiga bati la kebini ya dereva kwa ngumi zote mbili. Nikasikia breki, si zetu, za gari dogo lililokuwa linapanda. Lilikwama ukingoni kabisa, tairi moja juu ya mawe. Dereva wetu akapenya ubavuni mwake, akasimama mbele kidogo, akatoa kichwa dirishani. "Sista, kuna nini?"

"Taa nyekundu!"

Akatabasamu kwa kunihurumia. "Ah, sista. Sisi tuna msiba. Watatupisha tu."

Nikageuka kutazama nyuma. Yule mwenye gari dogo alikuwa ameshuka, korongo liko hatua mbili nyuma yake. Ilikuwa zamu yake kupita. Alikuwa amevua kofia na kuinamisha kichwa, anatupa heshima. Ndani ya kenta waliendelea kuimba, Oliva peke yake alinitazama.

Oliva alijifungua salama, mikononi mwangu, mtoto wa kiume. Ile kofia ya sufu inamtosha sasa. Barabara bado haijatengenezwa, taa bado zinawaka, na mimi bado nateremka kwenye pikipiki za watu na kungoja kijani nikiwa nimesimama peke yangu kwenye baridi, wananipita wakinipungia mkono. Usiku wakati mwingine nasikia ule wimbo, hata leo sijayakamata maneno yake. Msiba wenyewe sijauona tena, ingawa kila siku nautazamia.

Wewe unayesoma, pengine uko Songea au Dar, taa zenu ni nyingi na mmezizoea. Sikuombi uogope mizimu. Walioogopa mizimu nimeshakueleza walikofika. Ninakuomba tu, taa ikiwa nyekundu, simama, hata kama barabara ni tupu na hakuna wa kumwamkia. Msingoje jeneza ndipo mzime pikipiki.