Kiwanda Kinachosikia kwa Macho

Saa moja kamili asubuhi. Mitambo ishirini ya kufuma mablanketi inawashwa, na sakafu ya kiwanda hiki kikongwe cha Louisville, Marekani, inaanza kutetemeka. Nsimire Bulonza anabana vizibo masikioni, anamgeukia mwenzake aliye mitambo mitatu mbele na kumwambia kwa midomo, bila sauti, kwamba uzi umekatika. Mwenzake anaitikia kwa nyusi.

"Humu tuko sote viziwi," anasema wakati wa mapumziko, akicheka. "Bon, masikio haina kazi. Tunasikiaka na macho."

Ujuzi huo umetoka mbali. Marita, msimamizi wake mwenye miaka 66, aliurithi kwa bibi yake, mfumaji kutoka mji mdogo wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Huko king'ora kikilia, mtaa mzima ulimiminika kazini, na umbea wa kanisani ulipita midomoni mchungaji asiambulie neno.

Mwaka juzi Marita alikwenda kuuona mji huo. Kiwanda cha bibi yake kimegeuzwa nyumba za kupanga, dohani imeachiwa njiwa. "Wanaozungumza hivi wamebaki vikongwe wawili," anasema. "Nilipowajibu, walilia."

Nsimire, 38, analipwa dola 11 kwa saa. Mumewe, Murhula, alizibwa masikio na bomu huko kwao Walungu, mashariki mwa Kongo. Tangu wafike mtaa wa Beechmont mwaka 2013, amekataliwa kazi mara tatu. Akanyamaza, akawa mtu wa dirishani, kutazama mabasi.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kwa Nsimire yalileta heri. Jioni moja, akiwa hoi, alisahau kwamba ametoka kazini, akamtamkia mumewe kwa midomo mipana ya kiwandani, bila sauti: "Baba Jolie, chai iko tayari."

"Akanijibu, 'Ongeza sukari,'" anasimulia. "Kikombe ikanianguka. Miaka mbili, donc, hatukuongea."

Jumatatu ijayo Murhula atajaribiwa kazi kwa wiki moja katika kiwanda cha mkewe. Meneja ana wasiwasi kuwa hatasikia kengele ya hatari.

"Ile kengele hata mie siisikiake," anasema Nsimire. "Tunaangaliaka taa nyekundu."

Nyumbani kwao, Murhula amekwisha kunyoa ndevu, na leo ni Alhamisi tu. Anaulizwa anatarajia nini. Mkewe analirudia swali bila sauti, naye anamtazama midomoni mpaka limfikie.

"Nataka nichoke," anasema. "Nirudi mu nyumba jioni nimechoka, sawa vile wengine."