Nilimshonea mume wangu hema la porini: mshono uliochanika na ule uliohimili mvua

Wakuu, shikamooni wakubwa, na rika langu mambo vipi.

Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi nimeiacha jikoni.

Nipo Cheyo, Tabora, nashona sare za shule nyumbani. Mume wangu, Baba Zuhura, ni mfugaji nyuki. Mizinga yake iko kwenye miombo upande wa Urambo, karibu na njia ile ya zamani ya misafara ya Ujiji. Anakwenda kwa baiskeli na kukaa kambini siku kadhaa.

Msimu uliopita alinyeshewa huko. Turubai analo, ila ni zito, na mwenye ndoo za asali kwenye keria lazima kitu kimoja kibaki. Aliacha turubai.

Akarudi na homa, ikawa nimonia, akalazwa. Kumsikiliza mtu unayempenda akihangaika kuvuta pumzi si mchezo.

Alipopona, mama yake, ambaye tunaishi naye, akamwambia neno moja tu.

"Ramadhani, mizinga uza."

Hakubisha. Lakini alinyong'onyea. Chakula anakigusagusa, kazi zote za nyumbani anazifanya kimyakimya. Sikuzoea kumwona hivyo.

Nikamwendea mkwe.

"Mama, naomba nimshonee hema jepesi, la kukunja likaingia kwenye begi. Likivuja, mizinga nitaiuza mimi."

Akanitazama. "Unashona sketi, mwanangu. Hema ni nyumba."

Nilidhani ananionea. Kumbe!

Sokoni nilipata kitambaa cha makoti ya mvua, kile chepesi chenye vijimraba vidogo. Nikakishona kama sketi: vipande uso kwa uso, mstari mmoja, ovaloki pembeni nyuzi zisifumuke. Sindano nikaweka nene, stichi nikabana sana nikidhani ndiyo uimara.

Tukalifunga uani. Baba Zuhura akakaza kamba kidogo tu. Krrr!

Uzi haukukatika wakuu. Kitambaa ndicho kilichochanika, kikifuata matundu ya sindano, kama unavyochana kishina cha risiti.

Mkwe alikuwa hapo anachambua mchele. Akautazama mpasuko, akarudi kwenye mchele wake. Heri angenisema.

Nikaingia ndani na hasira zangu, nikakalia rundo la nguo za kufua. Juu kuna jinzi la mume wangu la porini. Goti limeisha, makalio yameisha, mshono mzima!

Nikaugeuza. Pindo la kipande kimoja limemeza pindo la mwenzake, halafu juu imepita mistari miwili. Nguo za kushona nimezishika miaka yote, mshono huo nimeuona mara nyingi, sikuwahi kujiuliza kwa nini upo.

Basi nikashona vipande vya majaribio, nikavining'iniza kwenye mti wa kuanikia nguo. Kila kimoja tulikifunga ndoo, tukawa tunaongeza maji taratibu.

Mshono wa sketi ulichanika ndoo haijafika nusu. Mshono wa jinzi kwa sindano nene ulivumilia, ila matundu yakaanza kutanuka. Mshono wa jinzi kwa sindano nyembamba, uzi wa poliesta na stichi ndefu kidogo, ndoo ilijaa mpaka juu. Kilichoachia ni mpini wa ndoo. Maji yote yakamwagikia Baba Zuhura miguuni.

Mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Hapo nikajua nimeanza kueleweka.

Nikafumua hema zima, nikaanza upya. Kwenye paa, mapindo niliyaelekeza chini, kama mabati yanavyolaliana, maji yateleze badala ya kuingia. Sehemu za kufungia kamba nikaongeza viraka. Baba Zuhura akaleta nta yake mwenyewe, tukapaka uzi kabla ya kushona, kisha tukasugua mishono kwa ndani.

Kazi ilipokwisha, mkwe akatoa hukumu.

"Hatakwenda peke yake. Wewe uliyeshona, nenda ukalale humo."

Nikaenda.

Mvua ilitukuta kambini alasiri. Upepo kwanza, miti inainama, halafu maji kama yamemwagwa. Tukaingia ndani. Hema likavimba upande mmoja, nikaweka kiganja kwenye mshono wa paa. Ulikuwa umekaza kama kamba ya kitanda. Roho yangu yote iko kwenye vidole.

"Ukiushikilia ndiyo hautachanika?" mume wangu akanitania.

"Nyamaza wewe, naomba Mungu."

Kwenye kona ya zipu pakaanza kudondoka matone, nikapaziba na kanga. Kwingine kukavu.

Baadaye nikamuuliza, "Unasikia baridi?"

Nikageuka. Amelala fofofo, kifua kinapanda na kushuka bila mkwaruzo wowote. Nje ngurumo, yeye hana habari. Machozi yalinitoka, wakuu, na nilikuwa nacheka.

Tuliporudi, mkwe hata salamu hakupokea vizuri. Akapitisha mkono ndani ya shati la mwanawe, mgongoni.

"Mkavu," akasema. Akanigeukia. "Haya, mizinga ibaki."

Nilichojifunza: kwenye kitambaa chepesi kila tundu la sindano ni jeraha, kwa hiyo toboa kidogo, kunja vizuri, na mzigo uyagawie mapindo. Na ukitaka kujua mshono wako, uvute mwenyewe uani kabla upepo haujauvuta porini.

Leo hapa Cheyo mvua inapiga mabati tangu mchana. Baba Zuhura yuko kambini. Mwaka jana ningekuwa nazunguka nyumba nzima. Sasa nina kikombe cha chai, mkwe anasinzia kwenye mkeka, nami naandika.

Ila kona ya zipu bado inanisumbua. Aliyewahi kushona hema au koti la mvua, wewe ulifanyaje hapo? Nisaidieni, na anayeona nilikosea pengine aseme tu, sinuni.