Kifaa cha Kufukizia Chumba cha Bibi Harusi

Katika duka moja hapa Sanyuanli, mama wa Kizanzibari alikuwa akimchagulia bintiye kifaa cha manukato cha chumba cha harusi. Kulikuwa na cha mshumaa na cha umeme kinachotoa mvuke. Akatoa kanga mkobani, akakifunika cha umeme, kama tunavyofukiza nguo kwa udi. Kanga ikalowa.

"Laoban, hiki kinafua!" akamlalamikia Mchina mwenye duka.

Akasogeza kanga kwenye cha mshumaa. Shoga yake aliyefuatana naye akamdaka mkono.

"Wewe! Utachoma duka la watu."

"Sasa mwanangu atafukiza kwa kitu gani?"

"Kwa chetezo chako cha udongo."

"Hicho kitakaa uvunguni. Laoban, nifungie cha umeme, wakwe wakione."

Sikumcheka. Changu kiko sebuleni mwaka wa pili, wageni wanakisifu, na sijawahi kukichomeka kwenye umeme.