Mkono Chini ya Usukani

Muuguzi wa chanjo pale Kibondo alikuwa na kigari chekundu cha milango miwili, kile cha vijana wapenda mbio, na nyuma yake alifunga tela dogo la kubebea pikipiki. Gari lilifika barabara ilipoishia. Pikipiki ilifika kwa watoto. Kila asubuhi aliisogeza pikipiki mbele kiganja kimoja, tela lisije likayumba njiani, ndipo akaikaza kwa mipira ya tyubu, na kila fundo aliligusa mara mbili.

Masika ya mwaka tisini na tano nilipanda naye kwenda Kasulu, boksi la chanjo mapajani. Kwenye mteremko mwembamba tukakutana na lori la mahindi ya kambi ya wakimbizi, linapanda. Dereva wake, mzee wa Kiha mwenye mvi, akacheka. "Rudisha nyuma hicho kigari cha harusi, kama kinaweza!" Kulia korongo, kushoto korongo, mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, mkono mmoja wa muuguzi ulikuwa umeshika usukani kwa chini, shingo imegeukia nyuma, na kila alikotaka tela liende aliupeleka mkono huko, taratibu, kama anayekoroga uji wa mgonjwa. Tela likatii. Tulipanda kona mbili kinyumenyume hadi penye nafasi ya kupishana, tairi halikugusa hata jani. Lori likapita, likasimama, mzee akaja dirishani. Kwetu Uha mdogo ndiye humpigia mkubwa makofi ya salamu. Yule mzee akavua kofia, akainama mbele ya muuguzi, msichana wa miaka ishirini na sita, akakutanisha viganja, akapiga polepole.

"Mwakeye, mama," akamwamkia kwa Kiha.