Chai Yenye Ladha ya Chuma

Tangu fundi cherehani yule apasuliwe sikio la kushoto, chai ya nyumbani kwake ilikuwa na ladha ya chuma. Aliyeipika ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuja kumuuguza bila kuitwa. Wawili hao hawakuwahi kupikika chungu kimoja, kwa hiyo fundi akaanza kuingiwa na shaka.

"Mbona hunywi, wifi?" mgeni wake alimuuliza asubuhi moja.

"Nasubiri ipoe."

Wifi alipogeuka kuchukua sukari kabatini, fundi akabadilisha vikombe chapuchapu. Wifi akanywa chote, akajifuta mdomo. Fundi naye akaonja: chuma kilekile! Huyu, aliwaza, ameshaizoea sumu yake mwenyewe.

Siku ya kutolewa nyuzi akamnong'oneza daktari, "Nyumbani nawekewa kitu."

Daktari akamwambia atoe ulimi, akampaka sukari upande wa kulia. Tamu. Akampaka upande wa kushoto. Fundi alizihisi chembe tu, utamu haukuwepo.

"Mshipa wa fahamu unaobeba ladha hupitia ndani ya sikio," daktari alieleza. "Ulijeruhiwa kwenye upasuaji, na ukiumia huweza kuleta ladha ya chuma mdomoni. Wa kuhisi joto na mguso ni mwingine, huo ni mzima. Ladha huenda ikarudi polepole."

Fundi alirudi nyumbani uso umemshuka. "Wifi, nisamehe. Nilidhani unaniwekea sumu."

Wifi aliangua kicheko. "Nami nilikuona kwenye kioo cha kabati ukibadilisha vikombe, nikadhani wewe ndiye unayeniwekea sumu! Nilikunywa kwa kiburi tu, kisha nikaenda uani kujitapisha."